Kamba ya Mkono wa Kushoto

Juzi mjukuu wangu, mwalimu wa kemia, alinipigia simu akiwa na furaha. Mkemia mmoja alikuwa ametuzwa kwa utafiti wake. Akanieleza kwamba molekuli mbili zaweza kuundwa kwa vitu vilevile, lakini zikapinda kinyume, kama viganja vyangu viwili. Dawa ya upande mmoja huponya. Ya upande wa pili huenda isifae kitu.

"Umefahamu, nyanya?"

Nikacheka. Mwenzangu, mimi nilifahamu tangu Likoni, kabla ya uhuru.

Siku hizo makumbi ya nazi yalifukiwa kwenye mchanga wa ufukoni mpaka yakalainika, nasi tukayaponda na kusokota nyuzi za kamba juu ya paja. Harufu yake ilibaki kwenye leso hata baada ya kufuliwa. Mwaka huo mama yangu mdogo alikuwa aolewe, na kitanda chake kilingoja kuwambwa. Mimi nina mashoto. Kula nilikula kwa mkono wa kulia, kama tulivyofunzwa chuoni, tulikosoma Kurani. Kusokota, mkono huo haukunitii kabisa.

Jirani mmoja akachukua uzi wangu na wake ili azisuke pamoja. Kamba haikushika. Kila wake ulipokaza, wangu ulifumuka.

"Wallahi, huyu mfungeni mkono!" alisema. "Bibi harusi atalala sakafuni!"

Wanawake wakaangua kicheko. Nikainama. Kazi ya arusi niliyopewa ilikuwa hiyo moja tu, na sasa ningeondolewa mkekani.

Nyanya yangu akaniita.

"Abee."

"Sokota mwingine. Kwa mkono wako huohuo."

Nikasokota, machozi yakidondokea makumbi. Akaushika pamoja na ule wa kwanza, akazizungusha kinyume cha mazoea yake, polepole, akikosea na kurudia. Akamrushia jirani ile kamba.

"Vuta."

Jirani akavuta kwa nguvu zake zote. Haikuachia.

"Uzi wake haukuwa na ubaya," nyanya alisema. "Ulikosa mwenziwe."

Kitanda kikawambwa, upande wa miguuni kwa kamba yangu tupu.

Leo tunalalia mbao na magodoro, makumbi huchomwa moto, na nyanya yuko kwa Mola wake. Mkemia yule simjui hata jina. Lakini baada ya sala ya alfajiri nilimwombea, kwa kuwa alikaa miaka akivitazama vitu viwili vinavyofanana bila kukiita kimoja kibovu. Kisha nikamwombea nyanya, viganja vyangu vyote viwili vikiwa wazi mbele yangu.