Nilivyosafisha Picha ya Dada Tusekile

Mkitaka kunicheka, ngojeni kwanza nimalize. Mimi ni mtu wa usafi kwenye nyumba ya wageni pale Matema. Juzi dada Tusekile, mchoraji kutoka Ipyana, alituletea picha ya rangi za maji: ziwa, na milima nyuma yake. Akaitundika ukumbini bila kioo, akaenda kuwapokea wageni waliotaka kuinunua.

Sasa, wiki ile wadudu wa ziwani walikuwa wametuzidi. Wanapanda juu ya maji kama moshi, na wakiingia ndani wananata kila mahali. Kwa hiyo nilipoona vidoa vyeusi vimejaa kwenye picha, mkono ulikwenda wenyewe. Nikapitisha kitambaa chenye maji. Vidoa vikatoka, na ziwa nalo likaanza kuteremka.

Nikakitupia kitambaa begani. Kabla sijajua nikimbilie wapi, wageni wakaingia, dada Tusekile nyuma yao. Hofu ikanifungua mdomo.

"Karibuni! Tazameni alivyoiacha rangi itiririke," nikasema. "Huu ni ukungu wa asubuhi. Maana yake ni utulivu. Ziwa safi, halina hata mdudu."

Dada Tusekile akasogea, akaitazama picha.

"Kaka, mimi nilichora wingu la wadudu. Niliwatia kwa ncha ya brashi, mmoja mmoja. Wamekwenda wapi?"

Wote walikuwa wanakiangalia kitambaa begani mwangu, kinavyodondosha bluu kwenye shati langu jeupe la kazi.