Wifi Anataka Kuninyoa, na Buguruni Sijafika

Ndugu wasomaji, nina miaka arobaini na mmoja, mjane, napanga chumba kimoja hapa Kariakoo. Jina langu nimemwomba mhariri alifiche. Vidole vyangu vimejikunja kwa baridi yabisi, huu mwaka wa sita. Nikifunga kifungo kimoja cha blauzi, mwenzangu ameshachemsha chai na kuinywa.

Marehemu mume wangu alikuwa seremala Mtaa wa Msimbazi. Hakunichana nywele hata siku moja, na hilo ndilo ninalomkumbukia zaidi. Alinichongea chanuo lenye mpini mrefu, akauzungushia mpira wa baiskeli usiniteleze. Dodoki alilipigilia kwenye ubao bafuni, nikawa najisugua mgongo kama ng'ombe anayejikuna kwenye mti. Tulicheka sana siku ile. Asubuhi nikichana, yeye anakunywa chai na kuniongoza. Kichwa changu alikigawa mitaa.

"Magomeni safi. Buguruni bado, mama. Buguruni pamesongamana."

Buguruni ni kisogoni. Mkono ulikuwa unauma, lakini nilifika mwenyewe.

Mwezi uliopita nilitoka eda. Wifi yangu, dada wa marehemu, ndiye aliyeniogesha na kunivisha muda wote ule, na wema wake sitausahau. Siku hiyo wanawake wamejaa chumbani, yeye akitandika kitanda, akalikuta chanuo chini ya godoro, nilikoliweka tangu msiba. Akalitoa kwa ncha ya kanga. Lina mpira, lina nywele zimejisokota.

"Jamani, njooni muone! Kaka yangu alikuwa analalia dawa ya mganga!"

"Wifi, hilo chanuo langu. Mganga mwenyewe ni kaka yako."

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

"Chanuo gani refu kama mwiko wa shughuli? Tuache utoto. Tukunyoe, uhamie kwangu Magomeni, upumzike. Watu watasema tumekutupa na kichwa kama kiota."

"Nitachana mwenyewe."

"Kwa vidole hivyo?"

"Kwa hivi hivi."

Akasema nina kiburi, na mwisho wa mwezi huu atakuja na mkasi wake.

Juzi nilijaribu. Mbele palikubali, kisogoni pakakataa. Nililia kidogo, wala si kwa ajili ya nywele. Jirani yangu akachungulia mlangoni.

"Shoga, lete nikuchane."

"Hapana. Kaa hapo unitazame, uniambie wapi bado."

"Nyuma bado."

"Usiseme nyuma. Sema Buguruni."

Akanishangaa, kisha akavuta kigoda. "Haya, Buguruni bado. Bado. Bado, shoga, usichoke." Kimebaki kifundo kimoja tu.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu siku tatu, kalamu nimeizungushia kipande cha mpira ule ule. Kwa hiyo msinishauri kunyoa. Sinyoi, na Magomeni sihamii. Lakini wifi yangu nampenda, na yeye pia amefiwa, hana kaka mwingine. Sitaki aondoke kwangu analia na mkasi wake mkobani.

Nishaurini, ndugu zangu: nimwambie maneno gani, auweke mkasi chini, avute kigoda, anywe chai, anitazame tu?