Katapa wa Gwalugano

Gwalugano Kibona ni mama wa miaka sitini na minne, mkulima wa Mbebe huko Ileje, na kanisani huimba sauti ya pili. Wanakwaya wenzake wanajua udhaifu wake, na wameshazoea: anapenda muziki wa roki. Anayapenda magitaa yale yanayonguruma na kukwaruza, na katika bendi zote za dunia anaipenda Chambeshi, bendi ya vijana watano wa Zambia waliotoa santuri mbili miaka ya sabini kisha wakatawanyika.

Santuri hizo aliletewa na baba yake, mzee Rabson, aliporudi likizo kutoka migodi ya shaba ya Kitwe. Gwalugano alikuwa na miaka kumi na minne. Mzee aliweka mashine ya santuri ya betri juu ya gunia la mahindi, akawakusanya watoto, akateremsha sindano. Gitaa la kwanza lilipolia, bibi yao alitoka jikoni mwiko mkononi akiuliza nani kaumia.

Kulikuwa na wimbo mmoja ambao Gwalugano aliurudia mpaka betri zikafa. Mwimbaji alikuwa akiita, "Katapa, we Katapa," kwa sauti ya mtu aliyefika mwisho wa uvumilivu wake. Maneno mengine yalikuwa Kibemba, naye hakujua Kibemba. Akamuuliza baba yake Katapa ni nani.

Mzee alitazama pembeni kidogo. "Ni binti wa mji wa Kasama," akasema. "Mrembo sana. Jamaa anamlilia."

Ikaishia hapo. Gwalugano akaukariri wimbo mzima kwa sikio tu. Akaolewa na Amoni, wakajaliwa watoto wanne, na wa kike alikuwa mmoja. Shuleni aliandikishwa Brenda. Nyumbani aliitwa Katapa. Babu mtu alipoletewa habari za jina hilo alicheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wa shati. Gwalugano alidhani ni furaha ya kupata mjukuu.

Mwezi wa sita mwaka huu Brenda, ambaye siku hizi anaishi Tunduma na anauza vitenge, alipiga simu.

"Mama, Chambeshi wamerudi! Wamebaki wazee wawili, wamechukua vijana wa kuwasaidia. Jumamosi wanapiga Nakonde, ng'ambo ya mpaka, uwanja wa mpira, saa saba mchana."

Amoni alikuwa kando anasikiliza. "Utavuka nchi kwenda kusikiliza makelele?"

"Nitavuka."

Amoni akamtazama mkewe, akaona hakuna nafasi ya mjadala. "Basi vaa sweta," akasema. "Ng'ombe nitakamua mimi."

Jumamosi Gwalugano alishuka na gari la kwanza kabla umande haujakauka, na Brenda akampokea kwenye kituo cha Mpemba. Kufika Tunduma wakaambaa na foleni ya malori, wakaandikiwa karatasi za kuvukia kwa siku moja, wakapita. Gwalugano alikuwa amevaa kitenge chake cha Krismasi. Alitembea mbele ya mwanawe kana kwamba anaijua njia.

Walifika uwanjani saa saba kasoro. Hapakuwa na mtu, isipokuwa mafundi waliokuwa wanafunga spika na mama mmoja akikaanga mihogo. Brenda akajipiga kofi kwenye paji la uso.

"Huku saa zao ziko nyuma ya zetu! Hapa sasa hivi ni saa sita kasoro. Kila wiki navuka, halafu leo ndiyo nasahau!"

"Afadhali," Gwalugano akasema. Alikuwa haangalii saa. Alikuwa anamwangalia mzee mmoja mwembamba aliyekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya jukwaa, akikaza nyuzi za gitaa jekundu. Mzee alipofungua kinywa kumwita fundi, ule mwanya wa meno ya mbele ukaonekana, mwanya uleule wa kwenye jalada la santuri.

"Yule ni Bwalya, mwimbaji wao," Gwalugano akanong'ona, na miguu ikamtangulia.

Alipofika mbele yake alipiga magoti nusu, kama anavyosalimia wakubwa. Mzee akashtuka, akainuka. "Mwaiseni, mayo," akasema, karibu mama. Akaomba aletewe kiti kingine.

Brenda akawa mkalimani. Gwalugano alieleza habari za baba yake, gunia la mahindi, na bibi na mwiko wake. Bwalya alisikiliza kichwa kimeinama, anatabasamu. Kisha Gwalugano akasema, "Mwambie kwamba wewe nilikuita Katapa kwa ajili ya wimbo wake."

Brenda akasita. "Mama, tumwache mzee apumzike."

"Mwambie."

"Mama..."

Lakini Bwalya alikwisha kulisikia jina. Akauliza kitu. Brenda akamjibu kwa Kibemba, taratibu, macho yako chini. Mzee akamtazama yule dada wa miaka thelathini na tano kuanzia kichwani hadi miguuni, akaweka gitaa lake chini kwa uangalifu, kisha akaangua kicheko mpaka mafundi wakageuka.

"Amesemaje?" Gwalugano akauliza.

Brenda akavuta pumzi. "Mama, katapa ni kisamvu."

"Kisamvu gani?"

"Kisamvu. Majani ya muhogo. Jamaa kwenye wimbo ni mchimba madini, kila siku analishwa kisamvu. Anakiambia, we kisamvu, niache, nimekuchoka, mshahara ukitoka nahamia kwenye nyama."

Masikio ya Gwalugano yalipata moto. Miaka hamsini alikuwa amemhurumia binti wa Kasama. Aliwahi hata kumwombea. Halafu akamwona baba yake, marehemu mzee Rabson, akifuta machozi kwa mkono wa shati, na kitu kikaanza kumtekenya kutoka tumboni.

"Baba!" akasema kwa sauti. "Mzee huyu! Amenipata, na yuko kaburini!" Akacheka mpaka akamshika Bwalya bega asianguke, na Bwalya naye akaanza upya.

Alipopata pumzi alimgeukia Brenda. "Na wewe ulijua."

"Tangu mwaka ule nilioolewa Tunduma. Mama mkwe alicheka wiki nzima."

"Ukaninyamazia?"

"Ulikuwa unauimba vizuri, mama. Nikaona nitakuharibia."

Saa saba yao ilipofika uwanja ulikuwa umejaa. Walikuwepo wazee wa mikongojo na vijana wenye simu juu. Bwalya alipanda taratibu, akishikiliwa mkono. Sauti yake ilikuwa imechakaa na juu haikufika tena, ila vidole vilikuwa vilevile. Alipogusa waya wa kwanza, Gwalugano aliusikia mlio ule kwenye mbavu, mkubwa kuliko ulivyowahi kutoka kwenye mashine yoyote, na besi ikatetemesha hadi vifungo vya sweta. Alilivua, akalifunga kiunoni, akaingia kucheza.

Wimbo wa nne Bwalya akanyoosha kidole. Akautangazia umati kwamba leo Katapa mwenyewe yupo uwanjani, pamoja na mama aliyempika. Watu wakapiga kelele. Brenda akajifunika uso kwa kitenge. Gwalugano aliimba kila neno, sauti ya pili kama kanisani, safari hii akijua anaimba nini, na akaona wimbo umekuwa mtamu zaidi.

Walirudi ng'ambo jua lingali juu, wakaagana Mpemba. Ndani ya gari abiria wa jirani alimuuliza anashukia wapi, naye akajibu kwa sauti kubwa hata abiria wote wakageuka. Masikio bado yalikuwa yanavuma.

Amoni alikuwa amemaliza kukamua. Alimletea beseni la maji ya moto mpaka kibarazani, akaketi kando yake.

"Haya, walipigaje?"

Gwalugano aliingiza miguu majini, akafumba macho. "Sogea," akasema, "nikusimulie tangu mwanzo."