Fundo la Thelathini na Moja

Mama mkwe alifika kutoka Banalia kwa pikipiki, akiwa na kuku mmoja, mkungu wa ndizi na maoni yake. Mke wangu alikuwa amepitisha miezi tisa ya mimba na siku kadhaa. Nilimpokea mzigo, nikamkaribisha, naye akasimama mlangoni akizitazama kuta zangu kama mtu aliyekosea nyumba.

"Bokilo," aliniita, yaani mkwe, "hii vitu ya kufunga-funga iko mingi sana humu."

Ilikuwa kweli. Kutani, dirishani, juu ya kitanda, hata kwenye mpini wa chupa ya chai, yalining'inia mafundo mekundu ya Kichina. Niliyafunga mwenyewe. Nilikuwa nimenunua moja katika duka la Wachina mjini Kisangani, pambo dogo lenye mkia wa nyuzi, nikataka kujua limefungwaje. Nikalifungua, nikashindwa kulirudisha. Mimi ni mwalimu wa fizikia na sipendi kushindwa na kamba. Nikailaza juu ya kipande cha godoro, nikaishikiza kwa pini za fundi cherehani, nikaipitisha juu, chini, juu, chini. Baada ya majuma mawili likatoka fundo la mraba lenye masikio pande zote, ambalo ukilitazama huoni kamba imeanzia wapi.

Hapo sijasema yote. Majuma mawili hayo ndiyo yaliyofuata baada ya kumzika mtoto wetu wa kwanza, aliyezaliwa bila kulia. Watu walikuja, wakaketi, wakaondoka. Mke wangu alilala akiutazama ukuta, na mikono yangu haikuwa na la kufanya. Fundo lile la kwanza sikulitundika. Nililitia mfukoni likabaki humo, suruali baada ya suruali. Haya mengine niliyatundika kwa sababu ukuta aliokuwa akiutazama ulikuwa mtupu.

Mama mkwe hakuhitaji maelezo marefu.

"Mwanamuke iko na mimba, na nyumba yote imefungwa. Mutoto atapita wapi?"

"Mama, haya ni mapambo tu."

"Pambo iko na fundo?"

"Ndiyo, mama."

"Bon. Fungua."

Mke wangu alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akaacha kucheka, akaniambia, "Fungua tu. Mimi pia naogopa." Nami nilikuwa naogopa, ila niliogopa kwa mujibu wa vitabu: presha ya damu kupanda, mtoto kukaa vibaya. Hofu ya mama mkwe angalau ilikuwa na kazi ya kufanya.

Tulifungua kwa siku mbili, mchana, karibu na dirisha, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika, ingawa bwawa linaloutoa tunalo hapa hapa mtaani kwetu, komini ya Tshopo. Fundo la Kichina halifunguki kwa hasira. Ncha zake huwa nimeziunguza kwa kiberiti zisifumuke, kwa hiyo lazima uzikate kwa wembe kwanza, kisha uirudishe kamba njia yote iliyopitia. Mama mkwe alihesabu: thelathini. Hakuishia hapo. Alifungua chandarua, kamba ya kuanikia nguo, mfuko wa mchele na misuko yote ya mke wangu. Asubuhi ya tatu alinyoosha kidole kwenye viatu vyangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Mwenyeji huyu alikwenda shuleni akiburuta kamba za viatu.

Prefe wetu, yaani mkuu wa shule, mtu wa Maniema mwenye digrii na tai, aliitazama miguu yangu.

"Mwalimu, hiyo viatu iko namna gani?"

"Mke wangu anakaribia kujifungua."

Alifikiri kidogo, akailegeza tai yake, akaivua kabisa, akaitia kwenye droo. Hatukuizungumza tena habari hiyo.

Uchungu ulianza alfajiri iliyofuata. Maternite, yaani hospitali ya uzazi, haiko mbali. Mke wangu alikwenda kwa miguu, akisimama kila mara kuegemea ukuta wa mtu. Mimi niliachwa uani, kwenye benchi, pamoja na ndoo na vitenge. Nilimsikia akilia ndani, kisha sikumsikia, na kutomsikia kulikuwa kubaya zaidi.

Saa nne hivi mama mkwe alitoka.

"Bokilo, ulifungua yote?"

"Yote, mama."

Mkono wangu ulikuwa mfukoni. Nilijiambia kwamba yeye alisema nyumba, na mfuko si nyumba. Mwanafunzi akiniletea hoja kama hiyo nampa sifuri. Ukweli ni kwamba sikuweza. Yale thelathini nilijua nitayafunga tena. Hili la mfukoni ndilo kitu pekee nilichokuwa nacho cha mtoto yule, ambaye hakuacha hata nguo iliyochakaa.

Adhuhuri mtoto alilia. Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena. Mama mkwe alitoka akisema ni msichana, na mama yake ni mzima. Nyuma yake alikuja mkunga na beseni lenye kondo la nyuma, maana kwetu bibi ndiye hukabidhiwa akalizike. Mkunga aliinua kamba ya kitovu ili tuione. Katikati yake palikuwa na fundo. Fundo la kawaida kabisa, kama la mfuko wa chumvi, ila lilikuwa limelegea.

"Inafikaka," alisema mkunga, yaani hutokea. "Mutoto anacheza ndani, anajifunga. Hii haikukaza. Ingekaza..."

Akaishusha kamba ndani ya beseni. Kwangu na kwa mama mkwe hakukuwa na haja ya kumalizia.

Mama mkwe hakulitazama beseni. Aliutazama mfuko wa suruali yangu, ambamo mkono wangu ulikuwa bado. Nikalitoa lile fundo.

"Iko ya nani?"

"La yule mtoto wa kwanza, mama."

Nilidhani atanigombeza, na nilistahili. Aliketi kwenye benchi, si karibu sana, kama inavyowapasa wakwe, akanyoosha mkono akashika mkia wa kamba. Nilizikata kwa meno ncha zilizoungua, kisha nikaanza kurudi nilikotoka: chini, juu, chini, juu. Ilichukua muda, kwa sababu nilikuwa nalia na sikuona vizuri. Mwishowe ikabaki kamba tu, yenye mikunjo mingi. Mama mkwe aliinyoosha juu ya goti lake, akaikunja taratibu, akaiweka ndani ya beseni, pamoja na vya kuzikwa.

"Sasa enda ubebe mutoto yako," alisema.

Niliingia nikiburuta kamba za viatu.