Mtani Aliyenililia Nikiwa Hai

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu niliombolezewa nikiwa hai.

Nilikuwa nimemaliza sekondari, naishi kwa mama kule Kinole, na nilikuwa nimeitwa kwenye mchujo wa timu ya mkoa ya mbio ndefu. Kila asubuhi nilishuka mlima kwa mbio, kisha nikaupanda tena, na kina mama waliobeba ndizi kwenda sokoni walinipisha njia. Nilijiona nimeshafika uwanjani.

Mchujo ulipokaribia nikashikwa na malaria. Zahanati walinipa vidonge, wakaniambia nipumzike. Homa ilipotulia tu, vidonge vilivyobaki nikavitupia juu ya kabati. Niliogopa kitu kimoja: kocha wa timu asikie naumwa, ampe mwingine nafasi yangu. Nikatoka kukimbia na miguu inayotetemeka, na kwenye mteremko wenye mawe ya utelezi nikaanguka, goti likapinda. Nililifunga kitambaa, nikavaa suruali ndefu. Mama aliponiuliza mbona nachechemea, nikamjibu ni kiatu kipya. Uongo ule unaniuma hadi leo.

Mama nilimficha, mtani sikumweza. Mzee Kashindye, Mnyamwezi aliyeoa pale kijijini, alikuwa ameniona nikianguka. Unajua sisi Waluguru tulivyo na watani zetu: anachokuonea aibu ndugu yako kukuambia, mtani anakutangazia njiani. Kesho yake nikamkuta amekaa kando ya njia, jembe mkononi, shuka jeupe begani, analia kwa sauti.

“Jamani, kijana wetu. Alikuwa na mbio huyu.”

“Shikamoo, mzee. Unamlilia nani?”

“Maiti haisalimii. Lala hapo nikupime, nisije nikachimba fupi. Nyie Waluguru ndizi zimewarefusha miguu, kichwani hazikufika.”

Kina mama wakatua mizigo, wakacheka. Mmoja akamwambia, “Mchimbie kwenye mteremko, mtani, akifufuka ashuke nao mbio.”

Kwa aibu na hasira nikatimua mbio nimpite, aone kwamba mimi mzima. Sikufika mbali. Goti liliachia, nikaanguka kifudifudi mbele yao. Hakuna aliyecheka tena. Mzee Kashindye akaweka jembe chini, akanibeba mgongoni. Njiani akasema polepole, “Utani umeisha, mwanangu. Sasa mama yako utamwambia mwenyewe.”

Nilimwambia. Homa nayo ilirudi, kali kuliko ya kwanza, na mchujo ukapita nikiwa kitandani. Nilipoweza kusimama nilikwenda kwa kocha kumweleza yote. Akasema kwamba angejua mapema angeniombea nifanyiwe mchujo baadaye, peke yangu. Nafasi ile haikurudi tena, na sitakudanganya kwamba nimeisahau.

Lakini sikukubali iishie pale. Safari hii nilimeza dawa hadi zikaisha. Nilianza kwa kutembea uani na mkongojo, nikaenda hadi kisimani, baadaye nikapanda mlima taratibu. Siku goti lilipovimba nilikaa chini bila ubishi. Siku lilipotulia nilitoka, hata mvua ikinyesha. Mwaka uliofuata nilikimbia kutoka Mzumbe hadi mjini na vijana wenzangu. Nilifika karibu wa mwisho, lakini nilifika nikikimbia.

Nasikia na wewe unajiandaa kwa mbio, na kwamba juzi ulitoka mazoezini ukiwa na homa. Acha. Ukiumwa, sema siku hiyohiyo, hasa kwa yule unayemwogopa. Dawa imalize hata ukijisikia mzima. Ukiambiwa pumzika, pumzika kwa bidii ileile unayokimbia nayo. Halafu ukipona urudi, hata kama wenzako wameshakuacha mbali. Usione haya kuanza kwa kutembea.

Mungu akuponye, mwanangu. Akupe pumzi ndefu na magoti imara, na akupe moyo wa kusema ukweli ungali na muda wa kusaidiwa. Amina.