Kabali ya Baraka

Ukumbi ule wa jujitsu, mieleka ya kubanana, ulikuwa ghorofani, juu ya karakana ya mageti, na sheria zake zilikuwa nyingi kuliko wanafunzi. Iliyowatisha watu hasa ilikuwa moja tu. Mazoezi yakiisha, wote walipiga magoti mstari mmoja, wageni mwanzoni na wakongwe mwishoni, kisha kila mtu akataja kwa sauti amegonga mara ngapi, kwa nani na kwa mbinu gani. Kugonga, kwa asiyejua, ni kumpiga mwenzako makofi mawili mepesi ukiwa na maana ya kwamba nimebanwa, niachie. Hakuna aibu ndani yake. Mwalimu alikuwa na msemo wake kwamba anayegonga leo anarudi kesho, na asiyegonga anarudi na bandeji. Aibu ilikuwa kusema uongo mstarini. Jamaa mmoja fundi bomba aliwahi kukana kwamba aligonga, akaambiwa akunje sare yake aende nayo, na habari yake ikaishia hapo.

Pasi alikuwa amesema uongo kwenye mstari ule kwa miaka mitatu.

Jina la Pasi alilipata kazini. Alikuwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, upande wa mashine kubwa ya kunyoosha mashuka, ile inayomeza shuka bichi huku na kulitema kavu kule, na joto lake likakausha mpaka mate mdomoni. Wenzake wa ukumbini walilipokea jina hilo kwa furaha, maana akikulalia kifuani ulinyooka kweli. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mwenye mikono ya kubeba magunia, na maneno ya kuhesabu. Mwalimu alikuwa mjomba wake, mdogo wa mama yake, aliyemchukua akiwa na miaka kumi baada ya mama kufariki. Alimlea na mkewe kama mtoto wao, kwani wao Mungu hakuwajalia. Kila alichokuwa nacho Pasi, kuanzia chumba alicholala hadi namna ya kusimama mbele za watu bila kuinamisha kichwa, alipewa na watu wale wawili.

Na Mjomba alikuwa mwalimu hasa, tusimnyime haki yake. Mwanafunzi mpya alikaa miezi mitatu akijifunza kuanguka tu. Ukilalamika, anakuuliza kama ulizaliwa ukitembea. Mkubwa kuliko wote ndiye aliyefagia na kupiga deki jamvi, kwa hiyo kila alfajiri, kabla watu hawajaenda makazini, ungemkuta Mjomba na tambara na ndoo. Alikuwa akisema nguvu za mwenzako ni mzigo wake, usimpokee, mwache aubebe mpaka achoke. Mbinu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kabali ya nyuma: mkono wa kulia unazunguka shingo, wa kushoto unakaa nyuma ya kichwa na kusukuma, mlango unafungwa. Kabali yake ilikuwa haina masihara. Ulihesabu moja, mbili, ya tatu unagonga.

Halafu kikaja kiharusi. Kilikuwa chepesi, madaktari walisema, na kweli miguu ilirudi na ulimi ukarudi. Mkono wa kushoto ulirudi nusu. Vidole vilikunjika lakini havikushika. Nyumbani vikombe vya kioo vilivunjika kimoja baada ya kingine, na Mjomba akavilaumu vikombe, kwamba siku hizi vinatengenezwa vinateleza. Akanunua vya plastiki, na mambo yakaisha hapo. Mbishi yule hata mauti yangemjia angeyauliza kitambulisho.

Siku aliyorudi jamvini ndiyo iliyomfunga Pasi. Wakati huo mkaza mjomba alikuwa mgonjwa kitandani, amekondeana, hali chakula. Asubuhi hiyo Mjomba alimzunguka Pasi kwa nyuma, akaweka kabali, akakaza. Pasi akasubiri. Hakuna kilichokuja. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala juu ya utosi wake kama mkono wa mtu anayebariki mtoto, na sikioni alimsikia mzee akihema kwa juhudi. Ungefanya nini wewe? Pasi aligonga. Mstarini akasema, kwa sauti ile ile ya siku zote, kwamba amegonga mara moja, kwa Mwalimu, kwa kabali. Mjomba alirudi nyumbani karibu akimbie. Aliketi ukingoni mwa kitanda akamwambia mkewe kwamba bado yumo, amemgongesha Pasi. Mama yule akacheka, akaomba uji, akamaliza bakuli. Baada ya miezi miwili alizikwa, na Mjomba kila alipomtaja alianza na asubuhi ile.

Sasa uongo ni kama shuka kwenye mashine ile ya kazini: ukishaingiza pindo, lote linafuata. Kesho yake ilibidi Pasi agonge tena. Wakongwe watatu walioijua kabali ya zamani wakamwona Pasi anagonga, wakaelewa, nao wakagonga. Huo ulikuwa upendo, sikatai, lakini upendo wa kijinga. Maana wanafunzi wapya hawakuijua kabali ya zamani. Walichokiona wao ni bingwa anayeweka kiganja utosini na watu wazima wanagonga. Wakaiga. Wakaipa na jina, kabali ya baraka, na wao kwa wao walipoijaribu na ikakataa kufunga, kila mmoja aliona kosa ni lake, akagonga haraka asionekane mbishi. Ukumbi mzima ukawa unafundishana kufunga mlango usio na komeo. Pasi aliona yote hayo. Kila alfajiri alipanda ngazi zile akiwa ameazimia kusema, na kila alfajiri alishuka hakusema.

Aliyelipa ni mpaka rangi wa majumba, binti wa miaka ishirini na minne, mwepesi na mwenye bidii kuliko wote. Walialikwa na ukumbi mwingine kwa mashindano ya kirafiki. Binti alimpata mpinzani wake kwa nyuma, akaweka kabali ya baraka, akakaza kwa imani yake yote. Mpinzani akautoa ule mkono utosini kama anayevua kofia, akaukunja, na bega la binti likatoka mahali pake.

Pasi alikwenda kumwona. Binti alikuwa ameketi kwenye kochi, mkono umefungwa kifuani, ngazi na mikebe ya rangi vimepangwa nyuma ya mlango. Hakulia. Aliuliza tu.

"Dada, mkono niliuweka kama Mwalimu anavyouweka. Nilikosea wapi?"

"Ulichelewa kidogo," Pasi akasema.

Alitoka pale akijichukia. Usiku hakula, na kazini aliunguza kidole, jambo ambalo halikuwa limemtokea kwa miaka kumi na tano.

Mjomba naye alikuwa amekasirika. Ilimfikia habari kwamba binti amesema mkono wa kushoto haukushika kitu, na mzee akaona mbinu yake imesingiziwa. Akatangaza kwamba Jumamosi binti aje hivyo hivyo na bega lake, aonyeshwe kabali inavyokaa, kisha akiri mstarini kwamba hakufuata alichofundishwa. Asipokiri, akunje sare. Alimweleza Pasi hayo mezani, akinywa chai kwa kikombe cha plastiki, na akamwambia ajiandae, kwa sababu atakayewekewa kabali hiyo ni yeye.

Siku tatu Pasi alizunguka ndani ya jambo hilo akitafuta pa kutokea. Akigonga, binti anafukuzwa kwa kosa la watu wengine. Asipogonga, anamvunja mzee mbele ya wanafunzi wake wote. Alifikiria kuugua. Alifikiria kubadilishana zamu. Alifikiria hata kumwambia Mjomba faragha, akafika mpaka mlangoni pa chumba chake, akamkuta anajaribu kufunga kifungo cha shati kwa mkono mmoja, akarudi nyuma kwa ncha za vidole.

Jumamosi wote walikuwepo. Binti aliketi mbele, uso umemvimba kwa kukosa usingizi. Mjomba alimweka Pasi katikati ya jamvi, akamzunguka kwa nyuma, akaeleza hatua moja moja kwa sauti ya kutulia. Kisha akakaza.

Pasi alikuwa anapumua vizuri, kama mtu aliyeketi sebuleni kwake. Akahesabu mpaka kumi. Ishirini. Chini karakanani mtu alikuwa anakata chuma, kisha akaacha, na ukumbi ukabaki na pumzi za Mjomba tu.

"Gonga," akamnong'oneza.

"Sijabanwa, Mwalimu."

Alikaza tena, mpaka goti lake likamteleza. Kisha mikono ikalegea yenyewe. Alikwenda akakaa mahali pake mwisho wa mstari, na wengine wakajipanga, maana sheria ni sheria. Wakataja mmoja mmoja. Binti alipofikiwa alifungua mdomo, lakini Pasi alimwomba radhi na kumtangulia, jambo lisilofanywa kamwe.

"Leo sikugonga," akasema. "Miaka mitatu nimegonga kwa Mwalimu bila kubanwa, na wakubwa wenzangu wamegonga kwa kuniona mimi. Mkono wake wa kushoto haushiki. Huyu binti alifanya alichofundishwa. Bega lake liko juu yangu."

Wale wakongwe watatu walitazama jamvi. Mjomba alikigeuza kiganja chake cha kushoto, akakiangalia muda mrefu, akajaribu kukikunja. Alipoinua kichwa hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililomtisha Pasi. Alikuwa na uso wa mtu anayeingia nyumbani mwake na kupapasa ukuta gizani.

"Miaka mitatu," akasema. "Na siku ile ya kwanza? Ile niliyokwenda kumwambia marehemu. Nayo?"

Pasi alikuwa kwenye mstari, magoti chini, mbele ya watu kumi na wanane na binti aliyefungwa mkono kifuani. Akilini alimwona mkaza mjomba na bakuli la uji.

"Ile ulinibana," akasema. "Ile ilikuwa ya kweli."

Mjomba alishusha pumzi, na mabega yake yakashuka nayo. Alimgeukia binti akamwomba msamaha bila kujitetea, akamwambia akipona arudi, atafundishwa upya. Kisha akazungumza na wote. Alisema yeye amefika mwisho wake, na kuanzia Jumatatu mstari utakuwa wa Pasi.

"Mmesikia wenyewe," akasema. "Ameweza kuniambia la kuniumiza mbele yenu. Mtu wa namna hiyo ndiye wa kushika mstari, kwa sababu hawezi kusema uongo hapa, hata kwa kunihurumia."

Akaanza kufungua mkanda wake ampe. Fundo likamshinda. Akamwashiria Pasi amsaidie, na Pasi akasogea, akaufungua, akaufunga kiunoni mwake mwenyewe huku mstari mzima ukimwinamia.