Programu Iliyokataza Utani

Mwalimu Zoumana Coulibaly alifundisha falsafa hapa Ségou, nchini Mali, mpaka akastaafu, na sijasikia mwanafunzi aliyewahi kupata jibu kwake. Ukimuuliza swali, anakutazama juu ya miwani na kukuuliza, "Unasema nini hasa?" Siku moja alilitaka darasa zima limweleze mlango ni nini. Aliyesema ni ubao wenye bawaba akaonyeshwa pazia la nyumba ya jirani. Aliyesema ni mahali pa kuingilia akaulizwa kama dirisha alilopitia mwizi nalo ni mlango. Wanafunzi walitoka wamenuna. Mmoja tu alitoka akicheka peke yake, naye alikuwa binti yake mwenyewe, Sitan.

Ni habari za huyu Sitan ninazotaka kusimulia, ingawa mimi ni Traoré, na kumsifu Coulibaly hadharani kunanitia aibu. Akina Coulibaly ni watani wa karibu kila ukoo huku kwetu. Kazi yao duniani ni kula maharage, na kazi yetu sisi wengine ni kuwakumbusha. Lakini kwa jambo hili nikinyamaza nitakuwa mwongo.

Alikwenda Bamako kusoma falsafa kama baba yake, na shangazi zake wakashika vichwa. "Msichana ana akili hivi, mnampeleka akasomee kubishana?" walilalamika. "Tangu lini Coulibaly akafundishwa kusema?" Huko chuoni, katika somo la mantiki, alimkuta mwenzake ameiandika kwenye kompyuta hoja ileile iliyowatoa jasho ubaoni, na mashine imeitatua. Mchana ule Sitan hakula. Alitaka kujua imetatuaje. Akaanza kujifundisha kuandika programu kwa kompyuta za kuazima, na kadiri alivyozidi kujua ndivyo alivyozidi kuisikia sauti ya baba yake. Kompyuta haikisii ulichokusudia. Ukiitajia mlango bila kuieleza mlango ni nini, inakugomea palepale.

"Baba," alimwambia kwenye simu, "nimepata mwanafunzi asiyeona haya kusema hajaelewa."

"Huyo usimwache," mwalimu akajibu.

Alirudi Ségou na elimu zake mbili, akaajiriwa na Bourama Sangaré, kijana aliyekulia Abidjan, ambaye alikuwa amefungua ofisi juu ya duka la vitambaa. Humo aliifundisha mashine kusikia Kibambara, kazi iliyomtafuna mwaka mzima. Kisha wakaunda programu ya simu kwa ajili ya wanawake wanaouza nafaka sokoni: mtu anabonyeza, anasema, na sauti yake inawafikia wenzake, awe anajua kusoma au hajui. Wanawake waliipenda. Baadaye watu wasiojulikana wakaanza kujipenyeza na kuporomosha matusi, na Bourama akaomba mlinzi awekwe haraka. Sitan akakusanya maneno mabaya yote aliyoyajua, akaiagiza mashine imtoe nje yeyote atakayeyatamka. Alikuwa na haraka, na lile swali la baba yake hakujiuliza.

Asubuhi yake Ténin Traoré, muuza nafaka ya fonio, alimwamkia kwenye simu mtani wake Koniba Diarra, muuza mtama, kama alivyomwamkia tangu wakiwa wasichana: "Wewe mtumwa wangu, umeamka? Au bado umeulalia mtama wa wizi?" Mashine ilisikia mtumwa, ikasikia wizi, ikamtoa Ténin kabla Koniba hajapata hata neno moja. Koniba akangoja. Kwa kawaida angetukanwa kabla ya kunywa uji. Alipoona kimya mpaka jua la utosini, aliamini mwenzake ana kinyongo, akatuma salamu za tahadhari: "Namsalimu Mama Ténin Traoré. Namtakia afya njema, yeye na jamaa zake." Mashine ikazipitisha bila tatizo.

Ténin aliposikilizishwa maneno hayo kwenye simu ya jirani, alikaa chini. "Diarra ananisalimu kwa adabu?" alisema huku machozi yakimtoka. "Nimemfanyia nini mimi?"

Kufikia mwisho wa juma, vibibi hao wawili walikuwa wamepeana migongo, na soko limegawanyika nyuma yao. Hapo Saran Keita, mwenyekiti wa wauzaji, alipanda ngazi mpaka ofisini.

"Bwana Sangaré, habari za asubuhi," alisema. "Bi Coulibaly, hujambo? Nyumbani wote wazima? Tunawashukuru sana kwa kazi yenu. Jumatatu, soko likishajaa, tutakaa tuamue kama tuendelee nanyi au tuachane." Akaaga kwa heshima, akashuka.

"Mbona ameongea vizuri tu," Bourama akasema, amefarijika.

Sitan alikuwa bado anautazama mlango. Keita kaingia chumba alimo Coulibaly, na hajataja maharage! "Kaka Bourama, wewe umekulia ugenini," alisema. "Yule mama ametufungia mlango."

Bourama akajishika kiuno. Wateja wengine hawakuwa nao. Wanawake wale wakiondoka, ofisi inafungwa, na kila shangazi wa Sitan atasema ni falsafa iliyoiua. "Basi ieleze mashine koo zilizo na utani," alisema. "Traoré amtukane Diarra, Keita amtukane Coulibaly, tumemaliza. Ni kazi ya mchana mmoja."

Sitan alikubali. Ila alipokaa kuandika, alilikumbuka lile swali la baba yake. Akafunga kompyuta, akaenda kwa baba yake.

Mwalimu alikuwa uani anakula tô, ugali wetu wa mtama, kwa mchuzi wa bamia. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akalamba kidole. "Unasema nini hasa unaposema tusi?"

"Neno baya, Baba."

"Mama yako ananiita mwizi kila siku ya Mungu."

"Mwizi we!" mama akadakia toka jikoni. "Si ulinikwapua kwetu ningali mtoto?"

"Unamsikia? Na nimenenepa," mwalimu akasema. "Yule muuza mtama, aliyetuma salamu nzuri?"

Sitan akafikiri. "Huyo ndiye aliyeumiza."

"Kwa hiyo tusi linakaa wapi?"

"Kwenye neno halimo. Wala kwenye ukoo halimo, maana hata mtani akimgusa mama yako vibaya, amevuka mpaka." Akavuta kigoda, akaketi. "Linajulikana kwa aliyelipokea. Yeye peke yake ndiye anayejua kama limemchoma."

"Na mashine yako umeiweka wapi?"

Sitan alisimama. "Nimeiweka katikati. Inasikia kabla ya mwenyewe, na inamhukumia."

Mwalimu akarudia tô lake. Alikuwa anatabasamu, na bakuli halikuweza kumficha.

Kufikia Jumatatu, Sitan alikuwa amefuta maneno yote aliyoyakusanya. Bourama alimwona akifuta, akageuza uso. Sasa kila sauti ilimfikia mwenyewe. Aliyeumia angebonyeza, na mashine isingemfukuza mtu. Ingetafuta mtani wa pande zote mbili na kumwita aje akae kati yao. Mtani akikuomba msamaha kwa niaba ya mwenzio, huwezi kumkatalia. Hilo kila mtu hapa analijua kabla ya kuota meno, ila hakuna aliyewahi kuieleza mashine.

Wanawake walikusanyika kati ya magunia. Mwalimu naye alikuja, akasimama nyuma kama mtu anayepita tu. Sitan alieleza, nao walimsikiliza kwa adabu ileile ya kutisha.

"Tumesikia, Bi Coulibaly," Saran Keita akasema. "Koniba, umeumizwa au hukuumizwa? Bonyeza tuone."

Koniba Diarra akabonyeza. "Ténin ameninyamazia," aliiambia simu.

Soko lote likatega sikio. Mashine ilikuwa inatafuta mtu ambaye Traoré na Diarra wote wanamtania. Mara simu ikaita. Iliita mfukoni mwa Sitan.

Yeye mwenyewe hakulitegemea. Katika kundi lile la kwenye simu alikuwamo Coulibaly mmoja tu, naye ni aliyeiandika programu. Wanawake wakaanza kuguna. Bourama akafumba macho. Sitan aliitazama simu, akaona kwamba mashine imefanya sawasawa na alivyoiagiza, na fahari ikampanda kifuani hata kabla hajajua atasema nini. Akapita kati ya magunia, akaketi mavumbini katikati ya vibibi wale wawili.

"Mimi ni Coulibaly," alisema. "Mnanijua, mla maharage. Mama Ténin alikutukana asubuhi ile kama kawaida yake, Mama Koniba. Mashine yangu ndiyo iliyolimeza tusi lako. Kosa ni langu, na naomba mnisamehe kwa ajili ya maharage niliyokula na nitakayokula."

Ténin akamtazama Koniba.

"Umemsikia mtumwa huyu?" alisema. "Ameiba tusi langu!"

"Coulibaly ataacha kuiba lini?" Koniba akajibu. "Na wewe, mwizi mwenzake, ulishindwa kuja kunitukana kwa miguu yako?"

"Kwa miguu, na wewe unanuka mtama?"

Wakashikana mikono juu ya kichwa cha Sitan, wakicheka na kulia, wakimtukana kwa zamu. Soko lilipasuka kwa vicheko. Mmoja wa shangazi zake alimgeukia mwalimu. "Kumbe falsafa ina faida!"

"Unasema nini hasa unaposema faida?" mwalimu akauliza, lakini alikuwa amevua miwani anaifuta, na aliifuta muda mrefu sana.

Saran Keita alingoja kelele zipungue. Alimsogelea Sitan, akamwangalia pale chini alipokaa, amejaa vumbi.

"Wewe Coulibaly," alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza chumvi. "Mtumwa wangu mwenye tumbo kama gunia. Inuka upesi. Tumekupikia sufuria zima la maharage, na kazi yetu bado hujaimaliza."